Ummon-no-mukashi ya Ippodo: Kopo la Gramu 20 na Chai Nzito ya Kijapani

Duka la chai la Ippodo, lililoanzishwa mjini Kyoto mwaka 1717 na ambalo hadi leo makao yake yapo katika barabara ya Teramachi, huuza unga wa chai ya kijani, yaani matcha, wa madaraja mengi, kuanzia ule wa kunywewa kila siku hadi ule unaostahimili kukandwa kwa maji machache ukawa koicha, chai nzito ya Kijapani. Ummon-no-mukashi imo katika kundi hili la pili. Nimeinunua katika kopo la gramu 20, na ninaihakiki kwa kazi hiyo moja tu, kwa kuwa mtu anayenunua unga wa daraja hili na kuumimina ndani ya maziwa na sukari amelipia kitu ambacho hatakionja.

Msomaji aliyezoea matcha yenye povu anapaswa kujua kwanza kwamba koicha ni kinywaji kingine kabisa, hata kama vyote viwili hutokana na majani yaleyale. Chai nyepesi, ambayo Wajapani huiita usucha, hutumia takribani gramu 2 za unga kwa mililita 60 za maji, nayo hupigwa kwa kasi hadi povu lifunike uso wake. Koicha huchukua karibu gramu 4 kwa mililita 30 tu. Kipimo cha jadi cha mtu mmoja ni monme moja, uzito wa zamani ulio sawa na gramu 3.75, na kwa vyovyote vile ukolezi wake ni takribani mara nne ya ule wa chai nyepesi. Kinachopatikana ni kiowevu cha kijani kilichoiva, kisicho na povu, kinachong'aa na kuteremka polepole sana bakuli linapoinamishwa. Hakuna mahali pa kuficha kasoro katika ukolezi huo. Uchungu mdogo ambao katika usucha ungepita bila kuonekana, katika koicha hugeuka kuwa jambo la kwanza na la mwisho ambalo ulimi unalikumbuka.

Hapo ndipo bei ya Ummon inapoanza kueleweka, nami ningependa kukaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba wanalipia kopo zuri na jina la duka kongwe. Michai inayotoa matcha bora hufunikwa kwa kivuli wiki tatu hivi au zaidi kabla ya majani ya kwanza ya mwaka kuchumwa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika mwezi wa Mei. Zamani kivuli hicho kilitengenezwa kwa matete na majani makavu ya mpunga yaliyotandazwa juu ya fremu, na bado wapo wakulima wachache wa eneo la Uji, kusini mwa Kyoto, wanaofanya hivyo, ingawa wengi sasa hutumia vitambaa vyeusi vya plastiki. Jani linalonyimwa jua hubaki na theanini nyingi, ambayo ndiyo chanzo cha ule utamu mzito usiotokana na sukari, kwa sababu mwanga ndio unaoichochea theanini igeuke kuwa katekini zenye ukakasi. Jani hilohilo huongeza klorofili ili lipate kunasa mwanga mdogo uliopo, na kwa hiyo rangi yake hukolea. Baada ya kuchumwa, majani hufukizwa kwa mvuke na kukaushwa bila kusokotwa, kisha vikonyo na mishipa huondolewa. Kinachobaki huitwa tencha, na tencha ndiyo inayosagwa kwa mawe ya itale yanayozunguka taratibu, kwa kasi ambayo jiwe moja hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa. Kopo langu la gramu 20 ni kazi ya zaidi ya nusu saa ya jiwe zima. Mawe yakiharakishwa hupata joto, na joto huchoma harufu.

Ippodo hununua majani kutoka mashamba ya Kyoto na maeneo jirani, hasa yale yanayopakana na mito ya Uji na Kizu, kisha huchanganya majani ya mashamba na aina mbalimbali ili ladha ya Ummon ya mwaka huu ifanane na ya mwaka uliopita. Wapo wapenzi wa chai wanaopendelea unga wa aina moja ya mchai, kama Asahi au Samidori, ambao huonyesha tabia ya pekee ya shamba na msimu. Kwa anayeanza safari ya koicha, mchanganyiko unaotabirika una faida kubwa zaidi, kwa kuwa bakuli likienda vibaya atajua kwamba atafute sababu kwenye maji au kwenye mkono wake.

Jambo moja la kuzingatia dukani ni kwamba jina la chai lisimwongoze mnunuzi peke yake. Kwa desturi, majina yanayoishia na "mukashi" yalihusishwa na koicha na yale yanayoishia na "shiro" yalihusishwa na usucha, lakini Ippodo hiyohiyo huuza Ikuyo-no-mukashi, ambayo ni chai nzuri ya kupigwa povu na ambayo nisingependekeza ikandwe. Ni afadhali kumuuliza mwuzaji moja kwa moja ni ipi inafaa koicha kuliko kubahatisha. Nimewahi pia kukanda unga wa bei nafuu kutoka kwenye rafu za duka kubwa la kawaida, ulioandikwa kwa fahari kwamba ni wa sherehe. Rangi yake ilikuwa inaelekea unjano, harufu yake ilikuwa ya nyasi zilizokauka, na ukakasi wake ulikausha kinywa kizima. Unga ule haukuwa mbovu kwa keki wala kwa maziwa. Haukuwa chai ya kukandwa, na maneno yaliyo juu ya pakiti hayawezi kubadilisha hilo.

Sasa nije kwenye matayarisho, ambayo kwa maoni yangu ni nusu nzima ya thamani ya bidhaa hii. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bakuli pana lenye sakafu ya mviringo, chujio lenye matundu madogo, mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na upekecho wa mianzi unaoitwa chasen. Huu wa mwisho haufai kubadilishwa kwa chombo kingine. Chasen huchongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi, na sehemu kubwa ya zile zinazotengenezwa Japani hutoka Takayama, katika mji wa Ikoma mkoani Nara. Ile ya usucha huwa na nyuzi nyembamba zinazofika 80, 100 au hata 120, ilhali ile ya koicha ina nyuzi chache zaidi na nene, kwa sababu kazi yake ni kusukuma na kukanda kitu kizito. Ukitumia nyuzi nyembamba kwa kazi hii utazivunja, tena mapema. Bakuli nalo lina umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Mililita 30 za maji hupoa haraka sana katika chombo cha baridi, na ndiyo maana katika vyumba vya chai vya Kijapani bakuli linalopendwa zaidi kwa koicha ni la Raku, lililofinyangwa kwa mkono, lenye kuta nene zinazotunza joto. Si lazima kuwa na Raku, ambayo bei yake inaweza kumkatisha mtu tamaa kabla hajaanza, bali bakuli lolote nene la udongo uliochomwa vizuri linatosha.

Ninaanza kwa kulipasha bakuli joto kwa maji ya moto na kuzilowesha nyuzi za chasen humohumo ili zilainike, kisha ninamwaga maji hayo na kulikausha bakuli kabisa kwa kitambaa. Unyevu unaobaki chini huugandisha unga kabla ya wakati wake. Gramu 4 za Ummon huchekechwa juu ya chujio moja kwa moja ndani ya bakuli, na hatua hii isirukwe hata siku moja, kwa kuwa unga uliosagwa kwa ulaini kiasi hiki hushikamana wenyewe kwa wenyewe ndani ya kopo, na vibonge ambavyo katika usucha huvunjwa na kasi ya mkono, katika koicha hubaki vizima vizima hadi kwenye ulimi. Maji yawe yamechemka kisha yakaachwa yapoe hadi nyuzijoto 80 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto ayahamishe maji yaliyochemka kutoka birika hadi kikombe cha baridi na kutoka hapo hadi kikombe kingine, kwani kila uhamisho huyapunguzia joto kwa kiasi kinachoonekana.

Kuhusu maji yenyewe, wasomaji wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wana tatizo ambalo wenyeji wa Kyoto hawana. Maji ya Kyoto ni laini, yana madini machache, na chai za huko zimezoea kuonjwa kwa maji hayo. Maji ya visima vingi vya pwani yetu yana chumvi au ugumu wa kalsiamu, na kwa koicha huifanya ladha iwe butu na rangi ichujuke. Maji ya chupa yenye madini machache, ambayo kiwango chake husomwa kwenye lebo, hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya unga.

Maji hayamiminwi yote kwa pamoja. Karibu nusu yake hutangulia, kisha chasen husogezwa polepole mbele na nyuma, ikigandamiza unga dhidi ya sakafu ya bakuli, bila kupiga wala kuharakisha. Kwa muda mchanganyiko huonekana kana kwamba umeshindikana, umekuwa mkavu na wa kukwaruza, na hapo wengi huogopa wakaongeza maji. Ni vyema kuvumilia. Ukiendelea kukanda kwa mwendo uleule, uso wake huanza kulainika, kisha hupata mng'ao unaoonekana wazi kama bakuli limeelekezwa dirishani, na harufu hupanda ghafla. Mng'ao huo ndio ishara ya kuongeza maji yaliyobaki, yakipitishwa juu ya nyuzi za chasen ili zisafishike, na kuendelea kukanda hadi uzito uwe sawa kote. Ummon husamehe katika hatua hii kuliko unga mwingi mwingine niliowahi kuukanda, kwani hufikia mng'ao mapema na haichelewi kuyapokea maji ya pili. Koicha iliyotoka vizuri ikiinamishwa huacha alama nene ya kijani ukutani mwa bakuli, na haina hata tone moja la povu.

Funda la kwanza la Ummon ni zito na la joto, na kinachoshika kinywa ni ile ladha ya kina ambayo Wajapani huiita umami, karibu na ya mwani uliochemshwa, ikifuatwa na utamu unaochelewa kufika. Uchungu upo, na asiyeutaka kabisa asinunue chai hii. Hata hivyo ni uchungu safi, unaosimama katikati ya ulimi kwa muda mfupi na kuondoka, wala hauachi ukakasi kwenye fizi. Funda la pili huwa tamu kuliko la kwanza. Kwa desturi bakuli la mtu mmoja humalizwa kwa mafunda machache, nami naafikiana na desturi hiyo kwa sababu ya kiutendaji, kwamba koicha inayopoa huanza kutulia na kugawanyika, na utamu wake ndio unaotangulia kupotea. Harufu inayobaki kinywani hudumu muda mrefu, na katika jambo hili Ummon inazishinda chai kadhaa za bei ya chini yake ambazo hupendeza kinywani lakini husahaulika mara zinapomezwa. Kama ningeitafutia kasoro, ningesema kwamba nguvu yake ni ya moja kwa moja mno kwa mtu anayetafuta harufu za maua au wororo wa maziwa unaopatikana katika baadhi ya unga wa shamba moja. Hii ni chai yenye kifua.

Kinachobaki ukutani mwa bakuli kisioshwe. Mimina mililita 50 au 60 za maji ya moto, pitisha chasen kwa wepesi, nawe utapata chai nyepesi ya pili ambayo husafisha kinywa na kuonyesha upande mpole wa unga uleule. Kwa kopo la gramu 20, ambalo hutoa mabakuli 5 tu ya koicha, ni jambo la busara kutoacha kitu.

Katika mkusanyiko kamili wa chai wa Kijapani, unaoitwa chaji na ambao huchukua takribani saa nne, koicha haitolewi kwa tumbo tupu. Wageni hula kwanza mlo uliopangwa kwa makini, kisha kitamtamu laini chenye unyevu, wanatoka kidogo bustanini, na wanaporudi ndipo koicha hukandwa mbele yao kwa kimya. Usucha huja baadaye, na hapo ndipo maongezi hulegea. Desturi ya kunywa kutoka bakuli moja, ambapo kila mgeni hunywa sehemu yake, hufuta ukingo na kumpa anayefuata, huhusishwa na Sen no Rikyū, bwana wa chai aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591. Janga la mwaka 2020 liliwalazimisha wengi kumpa kila mgeni bakuli lake. Mgeni mkuu baada ya kunywa huuliza jina la chai na duka lililoitoa, na mwenyeji hutaja vyote viwili, hivyo kopo hili hubeba jina ambalo siku moja litatajwa kwa sauti chumbani. Kwa mtu anayekanda nyumbani, fundisho la kuchukua kutoka kwenye utaratibu huo ni la tumbo zaidi kuliko la adabu: kula kwanza, kisha kitu kitamu, kisha chai.

Suala la kitu kitamu lilinivutia kuliko nilivyotarajia. Pwani yetu tunajua vizuri kahawa chungu inavyokaa na haluwa, na mtu angedhani kwamba haluwa hiyo ingeihudumia koicha vilevile. Haifai. Iliki na samli hukaa kinywani na kuifunika harufu ya chai kabla haijafunguka. Tende iliyokomaa vizuri, isiyo na kitu ndani yake, hufanya kazi bora zaidi, mradi iliwe na kumezwa kabisa kabla ya funda la kwanza, kwani katika chai hii utamu hutangulia wala hauambatani na kinywaji.

Kafeini isipuuzwe. Majedwali rasmi ya vyakula ya Japani yanaonyesha kwamba gramu 100 za matcha zina gramu 3.2 za kafeini, na kwa hiyo gramu 4 zilizomo katika bakuli moja hukaribia miligramu 130, zote zikinywewa kwa dakika chache kwa sababu hapa jani lenyewe humezwa. Anayelala mapema asikande koicha baada ya alasiri. Mjamzito na anayesumbuliwa na mapigo ya moyo wapate kwanza ushauri wa daktari.

Kuhusu upatikanaji, tangu vuli ya mwaka 2024 mahitaji ya matcha duniani yaliupita uwezo wa mashamba na mawe ya kusagia, na maduka mashuhuri ya Kyoto, Ippodo likiwamo, yaliweka vikomo vya ununuzi kwa kila mteja. Ummon ni miongoni mwa chai ambazo mtu anaweza kukuta zimekwisha. Bei yake ni ya juu kuliko ile ya matcha za kila siku za duka hilohilo, na kwa anayekusudia usucha peke yake ningesema waziwazi kwamba tofauti hiyo haimrudishii kinachotosha. Kwa anayekusudia koicha, naiona bei hiyo kuwa ya haki, na ningependa zaidi anunue kopo dogo mara mbili kwa mwaka kuliko kopo kubwa analolitumia kwa ubahili kwa miezi.

Ubahili huo, kwa hakika, ndio unaoiharibu chai hii kuliko kitu kingine. Kopo lililofungwa hutunzwa kwenye jokofu, na kabla ya kufunguliwa kwa mara ya kwanza liachwe nje hadi lifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya unga. Likishafunguliwa, koicha ikandwe ndani ya wiki tatu au nne. Baada ya hapo rangi huanza kufifia na harufu hulegea, na gramu zinazosalia hutumika vizuri kwa usucha, au hata kwa maziwa.